Mpangaji, lami ikija mtaani kwenu jina lako liwe kwenye karatasi

Juzi msomaji mmoja wa Mbeya aliniandikia: "Dada shikamoo. Tumeambiwa mtaa wetu umo kwenye ule mradi wa kuboresha miji, TACTIC, tutapata barabara ya lami na mitaro. Tangu mwenye nyumba wangu asikie habari hizo amebadilika, kila mara anakuja na watu wanapimapima uani. Mimi nimepanga vyumba viwili na saluni yangu iko hapo mbele. Nifanye nini?"

Nilimjibu palepale: marahaba mdogo wangu, kaandikishe mkataba kabla greda halijafika. Baadaye nikaona jibu hilo ni fupi mno, maana suala hili liliniuma na bado linaniuma. Na najua wengi mnaonisoma mna ndoto ileile niliyokuwa nayo: kukaa mahali pasafi, penye taa na maji, karibu na wateja, kwa kodi ambayo kipato chako kinaimudu.

Nimekaa Temeke miaka mingi. Mtaa sitautaja kwa sababu baadhi ya wahusika bado tunasalimiana. Nilipanga vyumba viwili vya uani na cherehani yangu nikaiweka barazani. Masika yakianza, maji ya mvua na ya choo cha jirani yalikuwa hayatofautiani. Tulipandisha godoro juu ya meza, tukalala kwa zamu. Mgonjwa akizidiwa usiku alisukumwa kwa mkokoteni hadi barabara kubwa, kwa kuwa hakuna teksi iliyokubali kuingia kule.

Ndipo ukaja mradi wa kuboresha jiji, DMDP. Kwa msioufahamu, ni mkopo wa dola milioni 300 ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2015 kwa ajili ya Kinondoni, Ilala na Temeke: barabara, mitaro, masoko, vituo vya mabasi, na kazi maalumu ya kuingiza njia, mifereji na taa kwenye mitaa iliyojengwa kiholela. Jiji ambalo wakazi wake wengi wanaishi kwenye makazi yasiyopimwa haliwezi kujenga maghorofa ya kumtosha kila mtu. Njia rahisi zaidi ni kuwafuata watu hukohuko waliko na kuwawekea kile kilichokosekana. Mimi naunga mkono mpango huo mpaka leo, msije mkanielewa vibaya.

Sasa, lami ya namna hiyo haishuki bila mikutano. Lazima wananchi wakubaliane njia ipite wapi, nani asogeze ukuta, choo cha nani kivunjwe. Mkutano wa kwanza ulifanyika chini ya mwembe, nje ya ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akauliza nani ataandika muhtasari. Wazee wakatazamana. Nikanyanyuka, na tangu siku hiyo kalamu ikawa yangu. Najivunia hilo na sitajifanya mnyenyekevu. Nikipita leo barabara ile najua kona fulani imekatwa pale kwa sababu gani, kwani mabishano yake niliyaandika kwa mwanga wa tochi ya simu huku mbu wakinimaliza miguu.

Siku ya kuamua njia, mjumbe mmoja akasema wenye nyumba wanyooshe mikono. Na mimi nikanyoosha wangu. Baba mmoja, ambaye mtaro ule ungemwokoa yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, akasema kwa sauti: "Binti, wewe mpangaji, kesho unaweza kuhama. Wewe andika tu." Watu wakacheka. Nikaandika, hata maneno yale nikayaandika. Mwenyekiti akaomba niyafute, nikayafuta.

Habari za ujenzi naziruka, vumbi la mkandarasi kila mtu analijua. Lami ikakamilika, mitaro ya zege ikafunikwa, taa zikawaka. Jioni ya kwanza watoto walicheza rede mpaka wakaitwa kwa kugombezwa. Mama muuza samaki akahamishia meza yake chini ya nguzo, akauza mpaka wa mwisho. Na mwenye nyumba wangu naye akaja. Akasimama chini ya taa, mikono nyuma, akiitazama nyumba yake utadhani ndiyo kwanza anaiona. Wiki haikuisha nikapewa taarifa: chumba cha elfu hamsini sasa ni elfu tisini, tena kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikauliza kulikoni. "Mama, si unaiona lami?" Nikamwambia muhtasari wa lami hiyo niliuandika mimi. Akanishukuru sana. Alinishukuru kwa dhati kabisa, na hilo ndilo lililonichoma kuliko matusi.

Nikahamia Chanika. Wateja wangu wa sare za shule walibaki Temeke.

Wala halikuwa jambo geni. Kule Hanna Nassif, bondeni Kinondoni, miaka ya 1990 wakazi wenyewe walichimba mitaro na kutengeneza barabara kwa mikataba ya kijamii, Shirika la Kazi Duniani likisaidia na wataalamu wa chuo cha ardhi wakiwashauri. Mafuriko yakapungua, mradi ukasifiwa mpaka nje ya nchi. Kodi za vyumba nazo zikapanda, na wapangaji waliokuwa wamezoea bei za bondeni wakaanza kutafuta bonde jingine. Kila fedha ya umma inayoingia mtaani inaongeza thamani ya ardhi, na thamani hiyo inaangukia mfukoni mwa mwenye jina kwenye ardhi. Usitegemee sheria ikushike mkono. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano yako na mwenye nyumba wako, na mapatano yasiyoandikwa unayajua yanavyoishia.

Halafu tazama Magomeni Kota. Wakazi wale waliondolewa kwenye nyumba zao za zamani, wakatangatanga miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaahidi watajengewa na watakaa miaka mitano bila kulipa kodi. Wakala wa Majengo akajenga maghorofa, na Machi 2022 Rais Samia akayazindua. Kaya zilizorudi ni 644. Kwa nini 644, wakati Magomeni nzima ina shida ya nyumba? Kwa sababu kulikuwa na orodha ya kaya 644. Walivunjiwa nyumba, walidharauliwa, lakini majina yao hayakuvunjwa. Aliyekuwa amepanga chumba kwa mmoja wao, bila jina popote, sijamsikia akitajwa siku ya uzinduzi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Mbeya, na wengine wote, ushauri wangu ni karatasi.

Mkataba kwanza. Uwe wa maandishi, wa mwaka mmoja au miwili, na uandike wazi kwamba kodi haitapanda ndani ya muda huo na kwamba taarifa ya kukuondoa itatolewa miezi kadhaa kabla. Mtafute shahidi, upeleke kwa mtendaji wa mtaa ugongwe muhuri. Ufanye sasa hivi, kabla ya ujenzi, wakati mwenye nyumba bado anaogopa chumba kitakaa wazi. Lami ikishawekwa hana haja na wewe. Dalali atamletea watu watatu kabla ya magharibi.

Kwa saluni yako, mkataba wake uwe peke yake, usichanganywe na wa vyumba vya kulala. Piga picha eneo lako, tunza leseni ya biashara na risiti za kodi unayolipa. Wapimaji wakipita kuandika mali zitakazoguswa, uwepo. Usimwachie mwenye nyumba akusemee. Waulize wameandika nini na kwa jina la nani, kisha usome kabla hujasaini.

Na mikutano, jamani. Hapa ndipo wapangaji tunajimaliza wenyewe. Tunasema mambo ya barabara ni ya wenye nyumba. Nani kakwambia? Kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza shilingi elfu moja kwa mwezi, kisha ikapanda hadi elfu moja na mia tano. Anayenunua umeme ni nani? Ni wewe mwenye mita chumbani! Kisheria mzigo huo ni wa mwenye nyumba na una haki ya kumdai akurudishie, lakini niambie ni wangapi wamewahi kurudishiwa. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi mia moja kwa kila lita ya mafuta ili TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wapate fedha, na ukipanda bodaboda unaichangia. Hata mkopo wa Benki ya Dunia unalipwa na Hazina, yaani na sisi sote, wenye hati na wasio na hati. Sasa mtu aliyelipia anakaaje ndani siku ya mkutano, halafu anasikia uamuzi kwa jirani?

Mpangaji ni mkazi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 hakuna aliyeulizwa kama ana nyumba, aliulizwa kama anaishi pale. Hakikisha umo kwenye daftari la wakazi, hudhuria, saini mahudhurio, na ukizungumza omba mchango wako uingie kwenye muhtasari. Ukiambiwa wewe andika tu, jibu kwamba unaandika na unapiga kura.

Nawaambia hivi kwa uchungu, ndugu zangu, kwa sababu naona vijana wengi wanashinda mitandaoni wakilalamika serikali haijengi nyumba za bei nafuu. Ni kweli, haijengi za kutosha, na zile zinazoitwa za bei nafuu mara nyingi nafuu yake ni ya mtu mwenye mshahara wa benki. Lakini ofisi ya mtaa iko hatua chache kutoka unapolala, na hujui hata jina la mtendaji wako. Fedha zinapita hapo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri yenu ni mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Huku Chanika tumeunda kikundi cha mafundi cherehani na tumeomba. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata alitaka katiba ya kikundi, muhtasari wa vikao na akaunti ya benki. Vyote tulikuwa navyo siku hiyohiyo, na mjue nani alikuwa ameviandika.

Jambo la mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na watu wengi huanza kupiga kelele Juni, wakati kila kitu kimeshafungwa. Vipaumbele vya mtaa hukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka, vinapelekwa kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani linapitisha bajeti mapema mwaka unaofuata. Mtaa wenu ukitaka mtaro wa tawi kuungana na mtaro mkubwa wa mradi, au kisima, au taa upande wa kwenu, nenda Oktoba. Andikeni barua ya wakazi, majina na saini za wapangaji zikiwemo, mpeleke nakala mbili na moja, ya kwenu, ipigwe muhuri wa mapokezi.