Shira yangu ya mepo imeota ukungu. Niongeze sukari?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Lewiston, Maine, Marekani. Mwezi wa tatu mwaka jana nilitoboa miti miwili ya mepo (maple) iliyo nyuma ya nyumba nikapata utomvu kama lita 60. Niliuchemsha nje siku nzima mpaka ukawa unanata vidoleni kama shira ya kaimati. Nikajaza chupa tatu na nusu za nusu lita. Kufika Juni juu pameota ukungu, na moja ukiifungua inanuka pombe. Jirani ananishauri mwaka huu nitie kilo moja ya sukari na limau ili isiharibike. Mwingine anasema kila mti nitoboe matundu manne. Nianzeje upya?

JIBU: Marahaba, mama. Mti unaujua, msimu umeuwahi, na umepikia nje badala ya kuzibandua kuta za jikoni kwa mvuke. Hayo siyarudii. Kilichokuangusha ni hicho kidole.

Miaka 11 nafanya kazi kwenye msitu wa mepo kaskazini mwa Vermont, na kila mwaka kuanzia Mei natumiwa picha ileile: chupa imeinuliwa dirishani, juu utando wa kijivu. Nikiuliza "ulipimaje?" naambiwa kidole, kijiko, au "niliona tu imeiva". Uliona nini?

Tupige hesabu. Utomvu wa mepo kwa kawaida una sukari kama asilimia 2. Lita zako 60 basi zilikuwa na sukari kilo 1.2 hivi. Sukari hiyo haiongezeki motoni. Kazi ya moto ni kutoa maji tu. Shira iliyoiva ina sukari asilimia 66 hadi 67, kwa hiyo ulipaswa kubaki na lita 1.4 hivi. Wewe ulibaki na 1.75. Yaani ulifungia kwenye chupa zako maji ya kujaza chupa ya soda, na shira yako ilikuwa na sukari kama asilimia 55.

Ukungu na hamira ya hewani vinataka maji ya kunywa. Sukari ikiwa nyingi vya kutosha huyashika yale maji yaliyobaki, vijidudu vikakosa. Ndiyo sababu asali iliyokomaa hukaa miaka, na ile iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega huchachuka. Wewe ni mtu wa Tanga, umeona tembo la mnazi: likigemwa asubuhi ni tamu, jioni linalewesha. Chupa yako iliyonuka pombe imefanya kazi hiyohiyo, ila taratibu kwa sababu sukari ilikuwa nyingi zaidi.

Sasa kidole. Shira ya kaimati unaipika saa kumi, magharibi watu wamefuturu, sufuria imeoshwa. Haina haja ya kufika Juni. Halafu tone likipoa kwenye kisosi hunata hata likiwa bado na maji tele, wakati ndani ya sufuria shira iliyoiva kabisa, kwa kuwa ni ya moto, inamiminika nyepesi kama chai. Kwa hiyo ukipima kwa tone lililopoa unaepua mapema. Ukisubiri iwe nzito humohumo motoni, umepitiliza: itaganda mawe chini ya chupa, au itaungua. Wapo wazee huku wanaotazama shira inavyoning'inia kwenye ukingo wa kijiko kama pazia, na hawakosei sana. Wamepika miaka 40. Hata hao huchukua kipimo kabla ya kufungua koki ya kutolea shira.

Nunua kipimajoto cha tarakimu. Siku ya kupika, kabla ya chochote, chemsha maji matupu na usome yanachemkia wapi. Ongeza nyuzi 4 za Selsiasi, au 7 ikiwa chako ni cha Farenihaiti. Hapo ndipo pa kuepua. Usishike namba 104 uliyoisikia kwenye video, kwa sababu maji hayachemki kwenye nyuzi 100 kila siku wala kila mahali. Mlimani yanachemka mapema, na hata hapo kwako hali ya hewa ikibadilika namba inasogea. Toka asilimia 55 hadi 66 joto la kuchemka linapanda kwa chini ya nyuzi 2. Nionyeshe jicho linaloweza kuona hilo.

Ukipata haidromita ya shira, kile kipimo kinachoelea ndani yake kuonyesha sukari imefika wapi, bora zaidi. Ina mistari miwili, mmoja wa shira ya moto na mmoja wa iliyopoa. Usiichanganye na ile ya watengeneza bia. Vipimo vyake ni vya kitu chepesi zaidi.

Dakika za mwisho usiondoke. Mapovu makubwa ya maji yanageuka madogo, ya rangi ya dhahabu, yamebanana, na ghafla yanapanda sufuriani kama maziwa. Tone la siagi huyatuliza. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda kuongea na simu, dakika tatu tu, nikarudi nikakuta lami. Lita 200 za utomvu zilikuwa zimeishia mle, na lile sinia tulilikwangua kwa patasi.

Ukishaepua, chuja kwa kitambaa kizito cha sufu ikiwa bado ya moto. Ule mchanga unaobaki ni madini ya mti, hauna madhara, ila unakera kwenye ulimi. Jaza chupa safi shira ikiwa na nyuzi 82 hadi 85, funga, zilaze ubavu dakika chache ili moto uguse na kifuniko. Ukishaifungua, weka kwenye friji. Za mwaka jana mwaga. Usizichemshe upya.

Matundu manne hapana. Mti wenye kipenyo chini ya sentimita 25 usiuguse, tundu moja linatosha hadi sentimita 45 hivi, zaidi ya hapo mawili. Keekee ya milimita 8, kina sentimita 4. Mbao iliyozunguka tundu la zamani hufa na haileti utomvu tena, kwa hiyo mwakani hamia pembeni. Anayekwambia manne si yeye atakayetazama mti wako ukikauka.

Na jirani yako wa sukari. Limau kwenye shira ya kaimati linatiwa ili sukari isigande. Halizuii ukungu kwenye shira yenye maji. Ukitia kilo ya sukari ni kweli haitaoza, lakini utakuwa umepika shira ya kaimati yenye harufu ya mti. Kula na wanao, hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale chupa inapobandikwa karatasi ya "mepo halisi" na kuuzwa dola 20 baada ya ibada, jambo ambalo sheria za Marekani na Kanada zinalikataza. Naziona hizo chupa kwenye shughuli zetu kila masika, na wauzaji ni watu wetu wenyewe, wanaowauzia wageni waliofika juzi ambao hawajawahi kuonja ya kweli.

Kuna na wale wa sauti za WhatsApp wanaosema utomvu mbichi unatibu kisukari. Lita moja ya utomvu ina sukari gramu 20, kama vijiko vitano vya chai. Shira yenyewe ni theluthi mbili sukari. Mama mmoja aliniambia ameacha vidonge kwa sababu "hii ni sukari ya mti". Nilimpigia mwanawe usiku uleule. Tena utomvu mbichi uliokaa siku tatu kwenye ndoo yenye jua hauna tofauti na maziwa yaliyosahaulika mezani. Uweke kwenye baridi kama nyama na uuchemshe mapema.

Jambo la mwisho, kwa sababu wengi mtaenda kutafuta vyombo vya bei rahisi: zile ndoo za bati za kale zinazouzwa kwenye minada ya mashambani, nzuri kwa macho, nyingi zimeungwa kwa risasi, ile metali yenye sumu. Chochote kilichoingia kwenye utomvu unakikusanya mara 40 unapochemsha, na risasi hairuki na mvuke. Tumia plastiki ya kuwekea chakula au chuma kisichoshika kutu. Ile ndoo ya bati ukishainunua, ipandie maua.