Mkanda wa jeshi umepona, shati ndilo linaniua

SWALI

Daktari, salaam. Mimi ni fundi cherehani, umri wangu miaka 67. Miezi mitano iliyopita nilitokwa na malengelenge upande wa kushoto, kuanzia chini ya titi kuzunguka mpaka mgongoni. Nikaambiwa ni mkanda wa jeshi. Nilichelewa kwenda hospitali. Nilifika siku ya sita, nikapewa asikloviri, dawa ya virusi, ya wiki moja. Vidonda vikakauka, makovu yakabaki, na maumivu nayo yakabaki. Ni moto mtupu. Mara mojamoja hupita kitu kama umeme, hata mkasi hunidondoka. Tepu ya kupimia siwezi tena kuivaa shingoni, maana ncha yake ikigusa kifua najikunja. Shati nalivaa mteja akiingia, akitoka nalivua.

Parasetamoli nimemeza mpaka nimechoka. Nilipaka dawa ya kuchua yenye joto, nusura nilie. Nikajinunulia asikloviri dozi ya pili, wapi! Mwisho daktari mmoja akaniandikia amitriptilini. Kusoma karatasi iliyomo ndani ya boksi, nakuta ni dawa ya wagonjwa wa sonona. Nilimeza siku tatu, mdomo ukakauka kama nimelamba chaki, na mkojo, ambao tangu zamani hutoka kwa kusuasua na kuniamsha mara nne usiku, ukazidi kuwa mgumu. Nikaacha. Mimi sina wazimu, nina maumivu. Je, ipo sindano ya kumaliza jambo hili? Na binti yangu ananinyima mjukuu mchanga, eti nitamwambukiza. Ni kweli?

Fundi

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye mkojo. Umeutaja kwa kupita tu, katikati ya hasira, lakini kwangu hapo ndipo penye uzito. Amitriptilini hupunguza nguvu ya kibofu kusukuma mkojo. Mwanaume wa umri wako anayekojoa kwa kusuasua huenda tezi dume yake imetanuka, na dawa hiyo inaweza kumfunga mkojo kabisa, ambayo ni dharura. Kwa hiyo sababu uliyoachia haikuwa sahihi, ila kuacha kwenyewe ulipatia. Rudi kwa aliyekuandikia na umweleze habari ya mkojo kabla ya kueleza jingine lolote. Nayo tezi ipimwe kwa haki yake.

Kuhusu wazimu, hakuna aliyekuona hivyo. Dawa hiyo ilianza kama dawa ya sonona, kisha ikaonekana kwamba kwa dozi ndogo, kuanzia miligramu 10 usiku, hutuliza neva, yaani mishipa ya fahamu, hata kwa mtu ambaye moyo wake umetulia kabisa. Karatasi ya kwenye boksi haikuelezi hilo vizuri, na sisi waandishi wa dawa mara nyingi hatujipi hata dakika mbili za kulisema. Mimi mwenyewe nina deni. Mama yangu alipopata maumivu haya nilikuwa daktari mpya, nikawa namletea parasetamoli kila wiki. Siku moja nikamkuta amelala na kapu la nguo limepinduliwa juu ya ubavu, shuka likapita juu ya kapu ili lisimguse. Hapo ndipo nilipokwenda kusoma upya.

Virusi vya mkanda wa jeshi ndivyo vya tetekuwanga. Ukishaugua tetekuwanga, hubaki vimejificha kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo, hata kwa miaka 60. Siku vikiamka hushuka na neva mpaka kwenye ngozi, upande mmoja. Ndiyo maana malengelenge yako hayakuvuka kwenda kulia. Asikloviri hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele kutokea. Sasa virusi vimetulia, na dozi uliyojinunulia haikukuta kazi. Kilichobaki ni neva iliyojeruhiwa. Haijaguswa, inapiga kelele: huo ndio umeme wako. Ikiguswa na shati, inapeleka habari ya moto. Yakipita miezi mitatu baada ya vipele, maumivu haya tunayatibu kama ugonjwa wa neva, na parasetamoli huku haifiki mbali.

Mwulize daktari wako kuhusu gabapentini, dawa nyingine ya kutuliza neva. Kabla ya kuanza, apime damu aone figo zinavyofanya kazi, kwa sababu dawa hii hutolewa na figo na dozi hufuata uwezo wake. Kwa umri wako huanza chini, miligramu 100 au 300 usiku, ikipandishwa taratibu kila baada ya siku chache. Wengi hupata nafuu wakifika karibu miligramu 1,800 kwa siku, zimegawanywa mara tatu; wengine hutosheka na kidogo zaidi. Siku za mwanzo utasikia kizunguzungu na usingizi. Sasa weka hilo pamoja na safari zako nne za chooni: ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, washa taa, ndipo usimame. Nisingependa neva ipone nyonga ivunjike. Pombe kaa nayo mbali, na cherehani iache mpaka kichwa kitulie. Siku tatu hazitoshi kuipima dawa ya namna hii. Ipe wiki kadhaa kwenye dozi iliyofika. Ukitaka kuiacha, usiikate ghafla, ishushwe kama ilivyopandishwa. Pregabalini ni ndugu yake. Humezwa mojawapo, si zote mbili.

Kuna kitu kingine ninachokipenda kwa mtu kama wewe, ambaye maumivu yako yana mipaka unayoweza kuichora kwa chaki: plasta za ganzi, zenye lidokaini ya asilimia 5. Hubandikwa juu ya ngozi iliyopona, zisizozidi tatu kwa mara moja, saa 12 mwilini na saa 12 ngozi ikipumzika. Unaweza kuzikata kwa mkasi zilingane na sehemu inayouma, kabla hujabandua karatasi ya nyuma. Kazi hiyo sina haja ya kukufundisha. Plasta haikuletei usingizi wala haigusi mkojo.

Ile dawa ya kuchua iache. Ipo dawa halisi itokanayo na pilipili, kapsaisini, lakini ile kali ya asilimia 8 hubandikwa na wahudumu wenyewe hospitalini, si kitu cha kujipaka nyumbani kwa kubahatisha.

Sindano ya kumaliza haipo. Wataalamu wa maumivu huchoma sindano ya ganzi kuzunguka neva, na baadhi ya watu huwasaidia, ila hiyo ni hatua ya baadaye, dawa za kumeza na plasta zikishindwa. Usitarajie pia sifuri. Kila jioni andika maumivu kwa namba, kuanzia 0 hadi 10. Ukitoka 8 ukafika 4 na ukalala usiku, dawa inafanya kazi. Kwa wengi neva hutulia yenyewe kadiri miezi inavyopita. Mama yangu ilimchukua miaka miwili.

Mjukuu mpe kifua cha kulia. Anayeweza kuambukiza ni mwenye malengelenge mabichi, kwa majimaji yake, na anayeambukizwa hupata tetekuwanga. Makovu makavu ya miezi mitano hayana kitu. Ikiwa mama watoto naye ametimiza miaka 50, aulizie chanjo ya mkanda wa jeshi, dozi mbili zinazoachana miezi miwili hadi sita. Wewe pia unaweza kuchanjwa usije ukaugua tena, ingawa haitagusa maumivu uliyonayo.

Na shati. Kinachokuumiza ni kitambaa kinachosugua kila unapovuta pumzi, si uzito wake. Lililopwaya ndilo baya zaidi. Jishonee fulana ya kitambaa laini kinachoteleza, iliyokubana kiasi isisogee mwilini, na upande wa kushoto usiweke mshono kabisa. Kama huna budi kuuweka, utokeze kwa nje.