Filamu Ikikushinda, Fuata Ufunguo

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Nimeitazama filamu fupi Meshes of the Afternoon mpaka mwisho, sijaambulia kitu. Nimekosea wapi?"

Hujakosea popote, ndugu yangu. Ila ulikuwa ukisubiri kisa, na humo kisa hakiendi mbele, kinazunguka.

Mtengenezaji filamu Maya Deren na mumewe, Alexander Hammid, waliipiga mwaka 1943 nyumbani kwao Los Angeles, waigizaji wakiwa ni wao wenyewe. Haifiki robo saa. Mwanamke anaokota ua njiani, anaingia ndani, kisu kinachomoka kwenye mkate, anakaa kitini, usingizi unamchukua. Kisha yote yanajirudia, na kila yakirudi kuna kitu kimehama.

Sasa ushauri: chagua kitu kimoja, usikiachie. Mimi nilishika ufunguo. Mwanzoni unamponyoka na kudundadunda ngazini. Baadaye anautoa mdomoni, taratibu, kama anayetema kokwa. Halafu uko mezani, wanawake watatu wenye sura ileile wanaushika kwa zamu, na kwa yule wa tatu unageuka kisu. Hapo nilisimamisha filamu, nikainuka nikazunguka chumbani.

Pia zima sauti. Ilitoka bila sauti, muziki wa Teiji Ito uliongezwa miaka ya 1950. Kimya kikitawala ndipo utauona mguu wake ukitua mchangani, hatua inayofuata majanini, mwisho zuliani.

Ushauri mwingine? Itazame tena. Ndiyo, ni uleule.

Kiongozi wa kundi moja la wapenda filamu aliwahi kuniambia mbele za watu kwamba filamu hizi ni za wasio na kazi. Bado inaniuma. Lakini mwezi huu niliwaonyesha vijana, wakabishana mpaka tukaombwa kutoka ukumbini: mwanamume anapomkuta yule mwanamke amekufa kitini, ni kweli au bado ni ndoto? Nilijisikia mfalme.

Nanyi mnaotaka kutengeneza filamu, acheni kutafuniwa. Mnakimbilia maelezo kabla macho hayajafanya kazi. Hollywood ilikuwa jirani ya Deren, naye akatumia nyumba yake, ngazi zake na kisu cha jikoni.

Ukishaizoea hii, tafuta At Land ya 1944. Deren anatupwa ufukweni na mawimbi, anapanda magogo, kichwa kinaibukia kwenye meza ya karamu. Humo fuata kete ya sataranji.