Dopamini na mrija ulioziba: jibu kwa anayetaka "kufunga dopamini" siku 30

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama ni kweli dopamini ndiyo kemikali ya raha, na kama ukikaa siku 30 bila simu, muziki wala vitu vitamu ubongo utajaza upya tangi lake la dopamini. Mimi si daktari wala profesa. Nilikuwa fundi wa maabara kwa miaka mitatu, kazi yangu kutunza panya, kuchanganya maji ya sukari na kuhakikisha mitambo haigomi, kwenye maabara iliyokuwa ikipima dopamini. Nitakujibu kwa niliyoyaona. Vumilia urefu.

Panya wetu mmoja alikuwa ameuzoea mchezo huu: mlio unalia, sekunde moja na nusu inapita, tone la maji ya sukari linatoka kwenye mrija ulio mbele ya mdomo wake. Kichwani amewekewa uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga hadi ndani ya ubongo, na huko ndani seli zake zimepewa protini inayong'aa kijani ikiguswa na dopamini. (Vihisi hivi vilianza kutangazwa mwaka 2018. Waliotutangulia walihangaika na nyaya na kemia ya umeme, tuwaheshimu.) Dopamini ikiongezeka, mstari kwenye skrini unapanda. Ikipungua, unashuka.

Asubuhi moja nikaanzisha kipindi kama kawaida. Mlio unalia, mstari unapanda. Sawa. Halafu pale pale tone lilipotakiwa kutoka, mstari unazama chini ya kiwango chake cha kawaida. Mlio, kilima, shimo. Mlio, kilima, shimo. Nikaona kifaa kimeharibika, nikaanza kukagua nyaya. Mtafiti mwenye jaribio akapita nyuma yangu, akatazama skrini kidogo tu, akasema, "Kaangalie mrija wako."

Sukari ilikuwa imegandia ndani. Jioni iliyotangulia nilikuwa na haraka ya kuondoka, sikuusafisha. Tone hata moja halikuwa limetoka. Yeye hakuutazama mrija wala hakumtazama panya. Alisoma shimo, akajua kuna ahadi haijatimizwa.

Na siku ambazo mrija ulikuwa mzima? Kwa panya aliyekwisha kuzoea, kilima kikubwa kilikuwa kwenye mlio, wakati mdomo bado mtupu. Tone lenyewe lilipofika, mstari ulitikisika kidogo tu. Sasa kama dopamini ni raha, raha gani hiyo inayokuja kabla ya sukari na kupoa sukari ikiwa ulimini?

Hili halikuwa jipya pale maabara. Aliyelifumbua ni Wolfram Schultz, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi. Kinachonifurahisha ni kwamba raha wala zawadi hazikuwa lengo lake, yeye alikuwa akitafuta mwendo. Na alikuwa na sababu. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa ya reserpini, inayomaliza dopamini ubongoni, wakalegea, wakabaki wamejilaza tu, kisha akawachoma levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, na wakaamka. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz kule Vienna akaonyesha kwamba ubongo wa watu waliokufa wakiwa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, umepungukiwa sana na dopamini. Kwa hiyo Schultz akaingiza elektrodi nyembamba (sindano ya kunasa umeme wa seli) karibu na seli za dopamini za tumbili, akamwacha tumbili apeleke mkono kwenye kisanduku kuchukua kipande cha tofaa, akisubiri seli zifuate mkono. Hazikuujali mkono kama alivyotarajia. Zilifyatuka mkono ulipogusa tofaa.

Baadaye yeye na wenzake wakatumia taa na sharubati ya matunda. Mwanzoni seli zilifyatuka sharubati ilipokuja bila kutarajiwa. Tumbili alipokwisha kujua kwamba taa inatangulia sharubati, zikahamia kwenye taa, na sharubati ikapita bila seli kushtuka. Taa ikiwaka na sharubati isije, zilinyamaza saa ileile iliyotakiwa kuja. Shimo langu lile!

Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague waliandika kwenye jarida la Science kwamba tabia hii inafanana na hesabu ambazo wataalamu wa kompyuta walikuwa wamezibuni ili mashine ijifunze kwa kujaribu na kukosea. Chukua ulichopata, toa ulichotarajia. Ikizidi, dopamini inapanda na ubongo unaandika "hili lifuatilie". Ikiwa sawasawa, hakuna habari. Ikipungua, dopamini inashuka na ubongo unaandika "punguza imani". Wanaiita kosa la utabiri wa zawadi. Wapo wanaobishana hadi leo kama hesabu hii inaeleza kila kitu (haielezi, zipo seli za dopamini zinazojibu mambo mengine kabisa, hata maumivu), lakini uti wa mgongo wake umesimama.

Kuhusu raha yenyewe, tafuta kazi za Kent Berridge wa Michigan. Panya walioharibiwa karibu dopamini yao yote bado walilamba midomo kwa furaha walipodondoshewa kitu kitamu. Ila chakula kikiwa mbele yao hawakukifuata, na bila kulishwa wangekufa njaa. Kupenda kupo, kutaka kumekwenda.

Nikija nyumbani sasa, maana hapa ndipo lilipoacha kuwa somo la panya. Mjomba wangu ana Parkinson. Miaka ya nyuma aliandikiwa kidonge cha kundi linaloiga dopamini, yaani pramipeksoli, ropiniroli na wenzake. Mikono ikatulia, akatembea vizuri, tukashukuru. Miezi kadhaa baadaye tukagundua anacheza kamari usiku. Mzee ambaye maisha yake yote aliwasema watu wa kamari! Shangazi alidhani ni tabia mpya ya uzeeni, watoto wake wakamchukia. Mimi niliposikia jina la kidonge nikakaa chini. Madhara haya yanajulikana na huandikwa kwenye karatasi ya dawa, ila aliyemwandikia hakuwa amewaambia chochote, na karatasi ile nani husoma?

Nilimwuliza, "Mjomba, ukiliwa hujisikii vibaya?" Akanijibu, "Najua nimeliwa. Hainiingii tu." Sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Maelezo yanayopewa uzito na watafiti ni kwamba kidonge cha aina hii hukalia vipokezi vya dopamini, yaani milango ya seli inayoipokea, mfululizo, kwa hiyo seli zikinyamaza baada ya hasara, upande wa pili hausikii ukimya. Kilima kinapita, shimo linafukiwa. Mtu anajifunza kutokana na ushindi peke yake. Daktari mwingine alimbadilishia dawa taratibu, na ile hamu ikaisha. Ukiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, uliza kuhusu kamari, manunuzi na tamaa za ghafla, na usimkatizie kidonge mwenyewe, kinapunguzwa na daktari hatua kwa hatua.

Sasa mfungo wako. Tangi halipo, mkuu. Seli zinatengeneza dopamini muda wote, zinaimwaga na kuirudisha ndani kutumika tena. Kuangalia simu hakuikaushi. Aliyepungukiwa dopamini kweli hakai mezani kupanga mfungo, kuinuka kitini tu ni kazi. Nimemwona. Na wanaokuuzia vidonge vya "kuongeza dopamini" waulize vinapitaje, maana dopamini yenyewe haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Ndiyo maana wagonjwa hupewa levodopa.

Sisemi kupumzika na simu ni upuuzi. Nasema angalia unapumzika vipi. Turudi kwa panya wa mrija ulioziba. Nilipoichambua data ya asubuhi ile, kilima cha mlio kilikuwa kikififia kadiri majaribio yalivyopita bila sukari. Mlio ulikuwa unalia na hakuna kinachokuja, basi anaufuta kidogo kidogo. Lakini panya anayekaa likizo kwenye kizimba chake, asikokuwa na mlio wala sukari, hafuti chochote. Tulikuwa tunawapumzisha wiki nzima, na siku wanayorudi mlio wa kwanza tu unainua kilima kama jana. Siku 30 zako za kujificha mbali na simu ni likizo ya kizimbani. Na hata yule aliyeanza kufuta, niliposafisha mrija matone machache yalitosha kumrudisha alipokuwa, wakati mara ya kwanza kumfundisha kulichukua siku nyingi.

Ningekuwa wewe ningeanza na mlio: zima arifa zote, zile za sauti na vile vidoti vyekundu, simu ibaki mezani unaiona. Mkono utaifuata bado, kwa siku kadhaa, na mara nyingi utakuta hakuna kipya. Usiharakishe kuyakimbia mashimo hayo.