Pamba au Rayoni? Moto Peke Yake Hautoshi

SWALI: Ndugu wahariri, nashona magauni hapa Masasi. Niliuziwa kitambaa laini mjini Mtwara, nikaambiwa ni pamba tupu. Nikachoma kipande, kikanuka karatasi iliyoungua, nikaamini. Mteja alipofua, gauni likarudi likawa fupi na kwapani pakachanika. Wenzangu wanasema ni rayoni. Mbona moto haukuonyesha? Na je, rayoni inaweza kutengenezwa kwa kostiki soda tunayopikia sabuni? – Fundi cherehani, Masasi

JIBU: Fundi, moto hauwezi kutenganisha pamba na rayoni, kwa kuwa zote ni selulosi, yaani nyuzinyuzi zinazojenga mimea, kama karatasi. Selulosi haiyeyuki, ikipata joto huvunjika na kutoa gesi zinazowaka, kisha hubaki jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Ukikuta punje ngumu ndani ya jivu laini, huo ni mchanganyiko. Choma kipande kidogo tu, ukishike kwa koleo juu ya kopo la mchanga, kwani tone la poliesta hung'ang'ania ngozi likiwa bado la moto.

Kinachotenganisha ni maji. Chomoa uzi wa urefu wa kiganja, lowesha katikati, uvute taratibu. Rayoni hukatika palipolowa. Pamba kwa kawaida hukatika pakavu, maana ikilowa huongezeka nguvu. Pima uzi wa urefu na wa upana wa kitambaa, kwa sababu viwanda huchanganya.

Udhaifu huo unatoka kiwandani. Rojo la mti hulowekwa katika kostiki soda ya asilimia 18 hivi, hukamuliwa, husagwa na kuachwa makusudi ili minyororo mirefu ya selulosi ikatike. Kisha huongezwa kaboni disalfaidi, kemikali ya majimaji, na makombo hugeuka rangi ya chungwa. Yakiyeyushwa katika soda hafifu hupatikana uji mzito kama asali, unaosukumwa kupitia matundu madogo mno hadi kwenye asidi ya sulfuriki, ile ya betri. Humo uzi huganda na kurudi kuwa selulosi. Njia hii ilipewa hataza Uingereza mwaka 1892, na vitambaa vingi vinavyouzwa kama vya mianzi hupitia humo humo.

Nyumbani usijaribu kabisa. Kostiki yenyewe huunguza ngozi na macho, lakini hatari kubwa zaidi ni kaboni disalfaidi: huchemka kwenye nyuzi joto 46, mvuke wake huweza kuwashwa hata na bomba la moto lisilo na mwali, na wafanyakazi wanaoivuta kwa muda mrefu huharibika mishipa ya fahamu.

Kitambaa kilichobaki kiloweke saa moja, kianike kivulini bila kukikamua kwa kusokota, kipige pasi ya wastani, ndipo ukate. Gauni likilowa, uzi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, kwa hiyo kwapani acha nafasi ya mshono ya sentimita 2 na usibane mwili. Mwambie mteja asisugue kwa brashi.