Printa Haifunguki Kwenye Kivinjari

Swali: Nilibadilisha anwani ya IP ya printa (namba zinazoitambulisha kwenye mtandao) kupitia ukurasa wake wa mipangilio, na tangu hapo ukurasa huo haufunguki. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, huenda printa ni nzima, ila anwani mpya imeangukia nje ya mtandao wa kompyuta yako, kwa mfano printa ikiwa 192.168.0.50 na kompyuta 192.168.1.20, ilhali mpangilio wa 255.255.255.0 (subnet mask, yaani namba zinazoonyesha mipaka ya mtandao) unadai namba tatu za mwanzo zifanane. Ipe kompyuta kwa muda anwani isiyotumika, kama 192.168.0.60, ufungue ukurasa wa printa na kurekebisha anwani yake. Tafadhali usikimbilie kurejesha mipangilio ya kiwandani, kwani utapoteza mengine yote uliyopanga. Anwani utakayoichagulia printa iwe nje ya zile ambazo ruta hugawa yenyewe, vifaa viwili visije vikagongana.