"Get" si "pata" tu: somo nililolipia kwa chakula changu cha mchana

Msimu wangu wa kwanza kama kiongozi msaidizi, baada ya miaka ya kubeba mizigo, nilikuwa Lava Tower, mwamba mkubwa kwenye Mlima Kilimanjaro, nikiwaeleza wageni kwa nini tumepanda mpaka karibu mita 4,600 halafu tunashuka kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000. Ni ili mwili uzoee hewa nyepesi. Mama mmoja Mmarekani akanitazama akasema, "I don't get it."

Nikajua hajapata boksi lake la chakula. Nikafungua begi, nikampa la kwangu, na paja la kuku ndani yake. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe alikuwa anasema hajaelewa.

Wadogo zangu mnaotafuta kazi ya mlima hapa Moshi, najua daftari lenu la shule limeandika "get: pata", kama langu. Si uongo. Barua, chumba, kazi, hata malaria, vyote unavipata kwa "get". Shida inaanza pale unapoishia hapo. Kitenzi hiki chenyewe hakibebi mzigo mkubwa. Mzigo uko kwenye neno linalokifuata. Sikiliza hilo.

Likija jina la mahali, maana ni kufika. "When do we get to Stella Point?", yaani tutafika lini Stella Point, kituo cha ukingoni mwa kreta karibu na kilele. Hilo halina ugumu.

Kikija kivumishi, hapo tega masikio. Sisi tuna choka, lowa, pona, zeeka, potea: neno moja na hali imeshabadilika. Mwingereza ana neno la hali tu, "tired" au "wet", kwa hiyo anatanguliza "get" kuonyesha kwamba mtu anaingia katika hali hiyo. Mgeni akisema "I'm cold", tayari anasikia baridi. Akisema "I'm getting cold", baridi ndiyo inaanza kumwingia, una nafasi ya kumvalisha koti kabla hajaanza kutetemeka. Na usiku wa kuondoka Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,720, mtu akikwambia kichwa chake "is getting worse", maana yake kinazidi kuuma. Huyo haongezi hata hatua moja ya kupanda. Mimi niliwahi kusikia "getting" nikaitikia "okay, okay", nikaendelea pole pole mbele. Bahati nzuri kiongozi mkuu alikuwa nyuma yangu, akamsikia, akamgeuza palepale.

Kuna nyingine zinazofanya kazi ya mikia ya vitenzi vyetu. "Get paid" ni kulipwa. "Get him to drink" ni mnyweshe, au mshawishi anywe. Ila "get married" isikusumbue: mwanamume na mwanamke wote wanaitumia, ukianza kutafuta nani ameoa na nani ameolewa mgeni atakuwa ameshabadilisha mada. Na Mmarekani akisema "gotten" usimcheke. Mwalimu wangu alikuwa akiipiga kalamu nyekundu, lakini Marekani ni neno la kila siku; Waingereza wengi wanasema "got".

Kilichonisaidia mimi ni kidaftari cha mfukoni. Kila jioni, wageni wakishaingia kulala, niliandika sentensi nzima niliyoisikia mchana, si neno moja. Mwisho wa safari nilikuwa na "get" kumi na kitu, kila moja na mwenzake.

Halafu kuna ile ambayo ni heri uijue kabla hujaitamka. Mgumu mwenzangu mmoja, yaani mbeba mizigo, kijana mwenye moyo mzuri kabisa, alimwona mgeni wetu akishika njia isiyo yake. Alitaka kumwambia, "Wewe, umepotea!" Akapaza sauti bonde zima likasikia: "You! Get lost!"

Mgeni akasimama, akageuka taratibu. Kwa Kiingereza, hiyo ni namna ya kumfukuza mtu. Tipu ya safari ile tuliigawana kimya kimya.